Jioni Jina Langu Liliposomwa Redioni

Mama mukubwa alipokufa nililia kuliko binti yake wa kumzaa, mpaka watu kwenye kilio wakaanza kunitazama vibaya. Mama mmoja wa kanisa akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Weye, si huyu ndiye alikuwa anakuchukia?" Nikamjibu ndiyo, ndiye huyu. Akanipa kitambaa nifute pua, lakini niliona hajaridhika, na mimi sikuwa na maneno ya kumweleza pale katikati ya sufuria na watu wanaoimba. Nikajiambia nitaandika. Shule mimi niliiachia njiani, kwa hiyo mtanivumilia. Lakini ninyi mliokulia hapa Durban pamoja nami, mliofundishwa kunyamaza barabarani na kuongea mkifika ndani, mtaelewa hata nikikosea.

Kilichonirudisha nyuma si kilio chenyewe, ni harufu. Jikoni walikuwa wanakanda unga wa mandazi ya watu wa kulala msibani, na ile harufu ya hamira inayoanza kuumuka, tamu na kali kwa pamoja, ikanipiga usoni. Nikawa tena na miaka minane, nimevaa gauni la njano, natazama redio.

Redio ilikuwa ya baba mukubwa, mume wa mama mukubwa na kaka yake baba yangu. Ilikuwa nyeusi, mlango wake wa betri ulipotea zamani, na betri zilishikiliwa na plasta ya kidonda. Kila Jumapili, kuanzia saa sita mchana, betri zile zilianikwa dirishani kwenye jua zipate nguvu, na mtoto aliyezigusa alipigwa. Sisi mjini tulikuwa na redio pia, nzuri kuliko hiyo, lakini chumba chetu kilikuwa katikati ya maghorofa na tulichopata ni kelele kama mafuta yanayokaanga samaki. Kwa baba mukubwa, mtaa wa Sydenham, ghorofa ya tatu, juu ya mlima, sauti iliingia safi. Ndiyo maana watu wetu walipanda kwake, hata wale waliokuwa hawampendi, nao walikuwa wengi.

Siku zile kipindi chetu cha Kiswahili kilikuwa kichanga, hata meno hakijaota. Redio moja ndogo ya mtaa iliwapa Waswahili saa moja tu, Jumapili jioni. Mtangazaji alikuwa kijana wa Tanga mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi, na alikuwa na CD tatu. Wimbo ukikwama aliuomba msamaha. Karatasi zikimpotea alituambia, "Ngojeni kidogo, ndugu zangu," tukangoja, tukasikia anafungua droo. Kuna Jumapili alisahau kuzima maikrofoni tukamsikia akitafuna karanga wimbo mzima, na watu wazima walikaa kimya wakizisikiliza karanga zile kama taarifa ya habari. Msicheke. Wiki nzima tulikuwa tunaficha lugha. Ndani ya taxi simu ya mama ikilia aliipokea kwa "yes, yes, okay" hata kama anayepiga ni dada yake kutoka Bujumbura asiyejua Kiingereza hata neno. Halafu Jumapili jioni lugha ile ile tuliyoikunja wiki nzima ilipita hewani juu ya mji wote, bila kuogopa mtu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kutamani kuwa mtangazaji. Bado natamani. Nikisuka wateja saluni huwa nasoma majina ya mafuta ya nywele kwa sauti ile.

Nusu saa ya mwisho ilikuwa ya salamu na komunike, yaani matangazo ya watu. Watu waliacha vikaratasi kwenye saluni moja mjini, mtangazaji akavichukua Jumamosi. Salamu ziliwafikia watu wa Bluff, watu wa Isipingo, mama mkwe fulani, mtoto fulani aliyeanza kutembea. Komunike zilikuwa za vifo, za harusi, za mtu aliyepoteza karatasi zake za ukimbizi. Kijana wa Tanga alivisoma vyote kwa sauti moja, na chini yake aliweka muziki mmoja wa gitaa. Ukiwa na miaka minane hujui kutenganisha. Mimi nilijua tu kwamba jina likisomwa, mwenye jina amependwa.

Sasa niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa. Baba alikuwa mtu wa Uvira, mama ni Mrundi. Kutoka Uvira kuvuka mpaka hadi Bujumbura unaweza kwenda asubuhi ukarudi kula mchana, lakini kwa ukoo wa baba palikuwa mbali kama mwezi. Hawakumpenda mama akiwa mchumba, hawakumpenda akiwa mke. Baba alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu, hawakuwa tena na mtu wa kumwonea haya. Baba mukubwa alituma neno mara mbili: mtoto ni damu ya ukoo, arudi kwenye ukoo. Mama alikataa mara mbili. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mama ameacha kwenda kwenye mikutano ya chama cha ukoo, na mimi nilisikitika, kwa sababu niliipenda mikutano ile kwa ajili ya makofi.

Chama chetu kilikuwa na desturi yake. Jambo likishazungumzwa, lilifungwa kwa makofi matatu. Mwenye jambo anaanza, moja, mbili, tatu. Kisha kila mtu ambaye jambo litamwangukia mikononi naye anapiga zake tatu. Mmoja asipopiga, jambo liko wazi, kama hamkukutana. Niliwahi kuona mzee mmoja aliyekataa kutunza sufuria za chama nyumbani kwake. Watu walimngoja mpaka giza, na yeye ameketi juu ya mikono yake kama mtoto. Hakupiga, na sufuria zikaenda kwingine. Kwangu mimi makofi yale yalikuwa furaha tupu. Niliwapigia hata wanasesere.

Basi wiki moja baba mukubwa akapiga simu. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake nzito ikitoka kwenye simu. "Mama Asifiwe, njoo Jumapili na mutoto. Kutakuwa neno la kumukumbuka ndugu yangu. Asifiwe atasikia jina lake mu redio."

Mama alihamishia simu sikio la pili. Kisha akasema, "Neno la mume wangu siwezi kulikataa."

Wiki ile sikulala vizuri kwa raha. Shuleni niliwaambia wote, hata mwalimu, hata yule dereva wa basi asiyependa wageni. Mbele ya kioo cha saluni mama alikokuwa anasuka watu nilijifunza sura nitakayoweka jina likisomwa: tabasamu dogo, macho chini, kama mtu aliyezoea. Mama alipiga pasi gauni la njano mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatazama ukuta.

Tulipofika Sydenham, Esperance alikuwa ameketi kwenye ngazi. Huyo ndiye binti wa baba mukubwa, ananizidi mwaka mmoja, na hakuwahi kuniacha niusahau mwaka huo. Hakunisalimia. Akasema, "Utalala upande wa ukuta. Miye sitaki ukuta, uko na baridi."

Nikafurahi. Nilidhani tumealikwa kulala. Nikamwambia sikuleta nguo za kulalia.

"Zitaletwa," akasema, akaendelea kuchuna rangi ya ukuta kwa kucha.

Ndani walikuwa wamejaa. Kulikuwa na Prezida, ndivyo tulivyomwita mwenyekiti wa chama, mzee mfupi mwenye koti kubwa, na wazee wengine wanne. Viti vyote vilikuwa na watu. Mama mukubwa alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni na beseni la unga katikati ya magoti, anakanda mandazi yake ya kuuza Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho madogo ambayo hayakumkosa mtu. Alitutazama kuanzia viatu.

"Barundi bamefika," akasema kwa wote. "Esperance, funga sukari."

Wazee wakacheka. Mama akasema, "Jioni njema, mama Esperance." Mama mukubwa akaupiga unga ngumi. Baba mukubwa akamwonyesha mama ndoo iliyopinduliwa karibu na choo. Mama akakaa. Nikasimama mbele yake, na hakuna mtu aliyesema habari ya baba, ingawa nilikuwa nangoja.

Kulikuwa na shida moja ya nyumba ile. Redio ilishika sauti dirishani tu, lakini dirisha lilikuwa lazima lifungwe, na sauti iwe ndogo. Mtu wa ghorofa ya chini alishawahi kugonga dari kwa fimbo ya ufagio na kupiga kelele kwamba turudi kwetu na vilugha vyetu. Kwa hiyo kipindi kilipoanza sote tulisogea dirishani, tukainama juu ya ile redio nyeusi kama watu wanaopasha mikono. Magoti ya mama yaligusana na magoti ya baba mukubwa. Niliona mama anayavuta yake, na hapakuwa na pa kuyapeleka. Jasho, pumzi za wazee, hamira kutoka jikoni, plasta iliyopata moto kwenye betri. Watu wasiopendana hawapaswi kukaa karibu namna ile.

Nyimbo zikapita. Salamu zikaanza. Kijana wa Tanga aliwasalimia watu wa Isipingo, akamsalimia fundi viatu mmoja na mapacha wake. Prezida akanung'unika, "Huyu fundi kila wiki. Anashona saa ngapi?" Nilikuwa nimeshaweka tabasamu dogo tayari, na shavu lilianza kuniuma.

"Na sasa," akasema kijana wa Tanga kwa ile sauti ya mafuta ya nazi, na gitaa likaanza chini yake, "nina komunike hapa, ngojeni kidogo, ndiyo. Ukoo wa marehemu, baba wa mtoto Asifiwe, unawatangazia Waswahili wote wa Durban."

Asifiwe. Aliliita taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Hakuna aliyewahi kuliita hivyo. Masikio yangu yakajaa, na yaliyofuata niliyasikia kama unavyosikia maneno ukiwa chini ya maji. Nimeyajua baadaye kutoka kwa mama, aliyeyashika yote. Kwamba kuanzia leo mama wa mtoto Asifiwe si mtu wa ukoo tena. Kwamba mtu asimhesabu kwao, kwa sherehe wala kwa kilio. Kwamba mtoto Asifiwe, damu ya ukoo, atakaa kwa baba yake mkubwa. Mwenye masikio amesikia. "Asanteni sana," akamalizia kijana kwa upole, "na tuwatakie kila la heri," na wimbo wa kucheza ukaingia.

Alikuwa ameniita mara tatu. Mara tatu mbele ya mji mzima. Nikatazama huku na huku, wazee wote walikuwa wananitazama mimi, na nikafanya jambo la furaha kubwa kuliko yote niliyoyajua. Nikapiga makofi. Moja, mbili, tatu.

Redioni ile ngoma ndogo iliendelea. Baba mukubwa akageuka polepole, na sijawahi kuona uso unafunguka vile.

"Mumeona," akasema. "Batu bote mumeona. Mutoto mwenyewe ameanza."

"Mwenye jambo ameanza," akasema Prezida, akajikohoza. Hata yeye alionekana kushangaa, lakini desturi ni desturi. "Basi wazee, tufunge." Akapiga zake tatu. Mzee wa pili akapiga. Wa tatu, wa nne, wa tano. Baba mukubwa akapiga za nguvu, kama anaua mbu. Mimi nilikuwa bado nacheka. Nilidhani wote wananishangilia.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa amesimama, ndoo imeanguka nyuma yake, na rangi imemtoka midomoni.

"Mtoto hajui anachopiga," akasema. "Prezida, wewe ni mtu mzima. Muulize kama anajua."

"Redio imesema, mutoto amepiga," akasema baba mukubwa. "Weye ni nani hapa? Umesikia weye ni nani? Hata Tanga banajua."

"Ulisema ni neno la kumkumbuka mume wangu."

"Tumemukumbuka. Tumekumbuka damu yake haitalelewa chini ya viti vya saluni, mu nywele za batu." Akanishika bega. Vidole vyake vilikuwa vizito. "Asifiwe, hapa ni kwenu. Mama anaenda."

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya upande wa ukuta. Nikaanza kulia, na nilivyolia niliinua sauti, na mama naye akainua sauti, na baba mukubwa akainua yake juu ya zetu, mpaka mtu wa chini akagonga dari kwa ufagio, gu, gu, gu. Wote wakanyamaza ghafla, wamejikunja kidogo, kama wezi. Mzee mmoja akanong'ona, "Hata huyo wa chini amepiga zake." Mwingine akaziba mdomo asicheke.

"Bado mtu mmoja," akasema Prezida kwa sauti ya chini sana. Alikuwa anahesabu kwa macho. "Mutoto atakula mu mikono ya nani? Mama Esperance, tunakungojea."

Mama mukubwa hakuinua kichwa. Alikuwa anaukunja unga, anaugeuza, anaukunja tena. Ulikuwa umemfika juu ya vifundo vya mikono, mweupe, unanata.

"Mikono yangu iko na unga," akasema.

"Nawa," akasema baba mukubwa.

"Sinawi. Unga ukiachwa unakufa."

"Mama Esperance."

"Nini? Munapiga makofi humo kama batu ba harusi. Nani ataamuka saa kumi na moja kumupeleka shule? Prezida ataamuka? Nani atamusuka? Miye niko na batoto bane mu vyumba bibili." Sasa aliinua kichwa akamtazama mama, na sitasahau yale macho. Hayakuwa na huruma hata chembe. "Na miye sitaki mutoto wa Murundi mu nyumba yangu. Sitaki kumuona pua yake kila asubuhi, ile pua ya mama yake. Mumurudishe. Bende bote babili, nisibaone."

Niwaambie ukweli, yale maneno yaliniuma kuliko komunike. Nilikuwa nalia kwa sababu sitaki kubaki, na sasa nikalia kwa sababu sitakiwi.

Baba mukubwa alimwendea. Alikuwa mtu mrefu na mlango wa jikoni ulikuwa mdogo. "Utapiga," akasema. "Usiniaibishe mbele ya chama."

"Piga mwenyewe, si uko na mikono."

Akainama, akamshika viganja, akavitoa kwenye beseni na unga ukining'inia. Mama mukubwa hakumvuta wala hakumsukuma. Aliilegeza mikono yake kama ya mtu aliyelala. Baba mukubwa akaikutanisha. Hapakutoka sauti. Akaikutanisha tena, kwa hasira, unga ukamrukia kwenye shati la Jumapili na kwenye ndevu, na bado hapakutoka sauti, ila kitu kama mtu anayekanyaga matope. Mara ya tatu, mikono ikanatana na vidole vyake, na wakawa wameshikana wote wawili, mume na mke, mikono minne ndani ya donge moja, hawawezi kuitoa. Yule mzee aliyeziba mdomo akashindwa. Alicheka kupitia puani. Mwingine akafuata.

"Sikusikia," akasema Prezida, na akatazama kofia yake. "Ndugu yangu, masikio yangu ni ya uzee, lakini sikusikia. Jambo liko wazi."

"Redio imeshasema," akasema baba mukubwa. Alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi.

"Redio imesema. Lakini redio haitapika."

Mama hakungoja mengine. Alinishika mkono akanivuta kati ya magoti ya wazee. Mlangoni baba mukubwa akamwitia nyuma, "Mama Asifiwe, kumbuka. Weye si mutu wetu tena. Ukifa, usitutumie neno."

Mama akageuka. "Nimesikia," akasema. "Tulikuja wawili, tunaondoka wawili. Neno lingine lote chukueni."

Tulishuka mlima kwa miguu, haraka haraka, mama anatangulia na mimi nakimbia. Kwenye robot, zile taa za barabarani, tukasimama, ingawa hapakuwa na gari. Ilikuwa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, na mama hakuvuka. Nikamuuliza, "Mama, kwani salamu ilikuwa mbaya?"

Nilidhani atanipiga. Alichuchumaa akanishika viganja vyote viwili, akavitazama kwa muda mrefu, hivi viganja vilivyotaka kumuuza. Akasema, "Siku nyingine ukisikia jina lako, ngoja mwisho wa sentensi." Kisha akacheka, kicheko kibaya kilichogeuka kuwa kilio, na tukavuka robot ikiwa nyekundu.

Ile komunike ilifanya kazi yake. Msidhani redio ni hewa tu. Wanawake wa ukoo waliacha kuja kusukwa na mama. Mama alipolazwa wiki mbili kwa homa, hakuna aliyeleta hata uji, na mtu mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja kanisani akahamia benchi la mbele. Kipindi kiliendelea kila Jumapili, lakini sisi tulikuwa tumebaki na ile kelele ya samaki wa kukaanga. Nilikuwa naiwasha hata hivyo, natafuta sauti ya kijana wa Tanga ndani yake. Sikumchukia. Nadhani hakujua alichosoma, kama mimi sikujua nilichopigia.

Lakini mama alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Kila mwezi, siku ya mapumziko yake, alinipeleka Sydenham, akasimama chini barabarani, akaniambia, "Panda ukamsalimie mama mukubwa."

"Ametutukana, mama."

"Ametutukana, ndiyo. Panda."

Nikapanda. Nikabisha. Mama mukubwa alifungua mlango upana wa uso wake tu, akanitazama kuanzia viatu. "Umekuja kufanya nini?"

"Kukusalimia, mama mukubwa."

"Nimesikia. Enda." Na mlango ukafungwa. Hata maji hakunipa. Mwezi uliofuata vile vile. Mwaka mzima nilisalimia ule mlango, na miaka mingine baadaye, na nilikuwa nashuka ngazi nikiwa na machozi, kwa sababu ndani nilisikia harufu ya mandazi na Esperance akicheka, na mimi ni mtu ninayependa kupendwa na kila mtu, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia mama yule mwanamke ana roho ya jiwe. Mama alisema, "Ndiyo. Twende."

Halafu kuna siku nilibisha na baba mukubwa alikuwa nyumbani. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, nimerefuka. Mama mukubwa alifungua ule upenyo wake, na nyuma yake nikasikia kiti kinaburutwa, na ile sauti nzito, tamu sasa, sijawahi kuisikia tamu vile. "Ni Asifiwe? Ingia, mutoto wangu. Ingia ukae. Kuna chai. Hapa ni kwenu, utaketi ule, hata ukitaka kulala utalala."

Nilikuwa nimengoja neno lile miaka mitatu. Niliinua mguu. Na mama mukubwa, bila kugeuka, bila kubadilisha uso, akanyoosha mguu wake akauweka mlangoni, mguu mpana wenye kandambili ya bluu, kutoka ubao mmoja hadi mwingine, kama mtu anayezuia maji.

"Hapana," akasema. "Aende kwa mama yake." Nikaurudisha mguu wangu, nikashuka kwa mama, na tangu siku ile sikumuuliza tena kwa nini ananituma kumsalimia.